Tao la Saba Lina Mikono Mitatu

Baba,

Najua unacheka. Umeishi maisha yako yote ukitia sahihi kwa dole gumba, na leo unaandikiwa barua ukiwa kaburini. Lakini barua zote zilizowahi kufika nyumbani nilikusomea mimi, hata ile ya mjomba wa Nzega uliyotaka isomwe mara nne ili usikie tena habari ya ng'ombe aliyezaa mapacha. Hii nayo nitakusomea mwenyewe. Nimeketi kwenye baraza la shule, katika tao la saba, na madaftari ya hesabu ya darasa la nne yananisubiri tangu mchana. Yaendelee kusubiri.

Kwanza habari za nyumbani, maana usingenipa nafasi ya kusema lingine. Mama hajambo. Asubuhi bado anatenga maji ya kunawa ya watu wawili, anayatazama, kisha anaumwagilia mchicha. Mchicha umestawi mno, Baba, na hakuna anayethubutu kuusifia. Shamba la Ntalikwa limepata mvua nzuri, mahindi yamenipita kiunoni, na yule mbuzi wako mkorofi amemkataa kila mtu kwa sababu hakuna mwingine anayejua kumtukana kwa Kinyamwezi kama ulivyokuwa ukimtukana wewe.

Mimi nina jambo. Ulikuwa ukiniita Kalunde wa Kwa Nini, na kweli tangu utotoni nilikuuliza maswali mpaka ukachukua mwiko wako na kwenda kujenga upande wa pili wa ukuta. Mengi ulinijibu. Mawili hukunijibu kamwe. La kwanza, kwa nini tao la saba ni jembamba kuliko mengine yote? La pili, ile mistari mgongoni mwako ilitoka wapi? Nimeyapata majibu yote mawili katika wiki mbili, na sina wa kumsimulia ila wewe ambaye ulikuwa unayajua.

Acha nianze na jengo lenyewe. Unalijua kuliko mimi, lakini nataka usikie jinsi linavyoonekana kwa mtu ambaye hakulijenga. Wageni wakishuka garimoshi na kuja shuleni hushangaa kwamba linawapa mgongo. Wanakuta choo, jiko na ukuta mtupu, halafu ndipo wazunguke kulitafuta baraza. Wasichana wangu waliniuliza kama mjenzi alikuwa amelewa. Nikawapeleka mbele, nikawaonyesha ule utepe wa ardhi ngumu unaopita katikati ya majani kuelekea magharibi, ambako hata leo nyasi hazioti vizuri. Nikawaambia kwamba jengo halikukosea, ni njia iliyohama. Misingi ilipochimbwa, barabara ya watu ilikuwa pale, ya wapagazi waliotoka pwani na waliokwenda Ujiji, na kila mwenye jengo alitaka lionekane na wapitaji. Reli ilipofika, watu wakageuka. Jengo halikuweza kugeuka. Mpaka leo mvua kubwa ikipita, watoto wanaokota shanga za buluu mbele ya baraza, pale wapagazi walipokuwa wakipiga kambi.

Ulinifundisha pia kulisoma kutoka chini kwenda juu, kama vile mimi nilivyojifunza kusoma kitabu kutoka juu kwenda chini. Mawe hadi magotini ni ya wakati wa Mjerumani. Tofali za kuchoma hadi mwisho wa matao ni za Mjerumani pia, na udongo wa kichuguu ndio uliozishika. Kisha pale juu ya matao rangi ya tofali inabadilika, inakuwa nyekundu zaidi, na hapo ulikuwa ukiweka kiganja na kusema, "Hapa ilipita vita." Wabelgiji walipoingia Tabora, jengo lilikuwa halina paa, waliweka magunia ya karanga ndani ya madarasa na turubai juu yake. Mwingereza alipokuja, misheni ikapewa mapadri wengine, ukaitwa tena, ukaendelea pale pale ulipoachia. Milango ya mninga, mabati badala ya vigae. Watawala watatu katika ukuta mmoja, na mwashi ni yule yule.

Na katika baraza, matao kumi na matatu. Sita upande wa kanisa, sita upande wa kisima, na la saba katikati, jembamba.

Hilo jembamba ndilo ulilonipimia mimi. Unakumbuka? Kila mwaka shule ikifunguliwa ulinichukua kwa mkono kutoka nyumbani, ukanisimamisha katikati ya tao, ukasema ninyooshe mikono. Mwaka wa kwanza sikugusa hata upande mmoja. Mwaka wa pili niligusa upande mmoja nikajiinamisha ili niibe kipimo, ukanirudisha nyumbani nikilia njia nzima. Mwaka wa tatu vidole vyangu viligusa tofali za huku na za huku, ukaniangalia muda mrefu, kisha ukanipeleka moja kwa moja kwa Sista na kumwambia, "Huyu ametosha." Nilikuwa mwalimu tayari nilipogundua kwamba shule haikuwahi kuwa na kanuni hiyo. Ilikuwa yako peke yako.

Watu wengine walilipenda tao hilo kwa sababu nyingine. Waliliita tao la Maganga, kwa jina lako. Wewe ulikuwa mfupi, mikono yako mifupi, tao ni jembamba. Basi kila aliyepita akaona anajua habari yote. Na aliyeshinda wote kwa kejeli ni mtani wako, Mzee Kondo, yule Mzaramo wa Chemchem uliyejenga naye. Mnyamwezi na Mzaramo hawaachani hata msibani, hilo nilijua. Lakini siku ya mazishi yako, Baba, alinichoma moyo. Aliketi juu ya lile lundo la udongo wa kaburi akawakataza vijana kufukia. Akasema hakubali, marehemu apimwe kwanza, maana mtu aliyejenga tao vile anaweza kulala kaburini upande na kuliharibu. Watu walicheka huku wanalia. Akadai apewe kitu ndipo anyanyuke, na alichodai ni timazi lako, lile la shaba ulilopimia unyoofu wa kuta. Akasema, "Nalichukua mimi. Huyu hakuwahi kunyoosha kitu nalo." Mama akampa, kwa kuwa ndiyo mila. Mimi nilitaka kumnyang'anya. Lile timazi nililitaka mimi.

Sasa sikia yaliyotokea.

Mwanzo wa muhula huu lipu ilibanduka juu ya tao la saba, chini yake ukaonekana ufa wa urefu wa mkono na nusu, unaopanda kutoka kwenye tao kuelekea darini. Sista Mkuu akaogopa, akaandika, akaja Bwana Injinia wa serikali. Ni kijana, mpole, anasema Kiswahili cha vitabuni, na haachi futi yake ya utepe. Wasichana wamempa jina Bwana Futi. Akautazama ufa. Akapima matao mawili upande wa kanisa, akaona sawa. Akapima la saba. Akapima tena.

Sista akamweleza kwamba tao hilo lilikuwa hivyo tangu zamani, kwamba mwashi alikosea, na kwamba binti yake ndiye huyu hapa. Nilisimama pale na chaki mkononi. Bwana Injinia akanitazama kwa huruma, jambo lililonikera zaidi kuliko kama angecheka. Akasema mwashi anaweza kukosea upana wa kidole. Hawezi kukosea urefu wa mkono mzima katika tao moja halafu mengine yakawa sawasawa. Kwa hiyo yeye haamini kwamba lilijengwa hivyo. Anaamini msingi umesogea, nguzo zinakaribiana, na tao linabanwa mwaka hadi mwaka. Na ikiwa ni hivyo, baraza lote na madarasa manne ya mbele lazima yabomolewe kabla hayajaangukia watoto. Angerudi baada ya wiki mbili na watu wake.

Hebu fikiri, Baba. Ama ulikuwa mwashi wa ovyo kuliko waashi wote wa Tabora, ama jengo lako linaanguka. Hizo ndizo njia mbili nilizopewa. Na mimi sikuamini hata moja.

Jambo la kwanza nililofanya ni lile ulilonifundisha tukikarabati ukuta wa jikoni kwa Mama. Nilikoroga chokaa na mchanga, laini, bila udongo, nikabandika viraka vitatu vyembamba juu ya ufa, kimoja chini, kimoja kati, kimoja juu. Uliviita mashahidi. Ukuta ukitembea hata kwa unene wa unywele, shahidi anakatika, kwa kuwa chokaa haijui kunyumbuka. Nikaandika tarehe kwa penseli pembeni mwa kila kimoja. Kisha mvua ikaanza kunyesha kweli kweli, ile ya kujaza mitaro mpaka Kitete, na kila asubuhi kabla ya kengele nilipanda juu ya dawati kuwatazama mashahidi wangu. Wasichana waliniamkia shikamoo kutoka chini, nikawaitikia marahaba nikiwa nimebandika pua ukutani.

Jambo la pili sikulipanga. Ilikuwa Jumamosi, mvua imewafungia wote ndani, nikawa natembea barazani kwa kukosa la kufanya. Nikasimama katika tao la kwanza upande wa kanisa, nikanyoosha mikono. Sijui kwa nini. Labda nilikukumbuka. Ncha za vidole zikagusa huku na huku, sawasawa, bila kujinyoosha wala kujikunja.

Mimi nimerithi kimo chako, Baba, na mikono yako. Nimelalamikia mikono hii kwa kila kabati nisilolifikia. Nikaenda tao la pili, ikawa vile vile. La tatu, la nne, la tano, la sita. Nilikuwa nimesimama ndani ya mwili wako mara sita, na hapo nililia kidogo, sikatai.

Nikaliruka la saba, nikaenda la nane, upande wa kisima. Sikufika. Nilibakiza nafasi. Nikaegemea upande mmoja, nikapima kilichobaki kwa vidole vya mkono wa pili: vinne. La tisa, vidole vinne. Mpaka la kumi na tatu, vinne. Kwa macho huwezi kuona. Miaka yote hii hakuna aliyeona, wala Bwana Injinia, aliyepima matao mawili ya upande mmoja akadhani amepima yote.

Nikakimbilia darasani kuchukua chaki. Ningekuwa mwalimu gani wa hesabu nisingefanya ile hesabu? Vidole vinne, mara matao sita, ni vidole ishirini na vinne. Vidole ishirini na vinne ni mkono mmoja, kiwiko hadi ncha ya kidole. Pima, yaani kidole hadi kidole mikono ikinyooshwa, ni mikono minne. Toa mmoja. Nikaenda kupima tao la saba, nikakuta mikono mitatu kamili.

Nilikaa chini sakafuni. Kwa sababu, Baba, hesabu ile inasema jambo ambalo hakuna mtu katika mji huu aliyewahi kulifikiri. Wote walisema tao ni jembamba kwa kuwa Maganga ana mikono mifupi. Lakini mikono mifupi hujenga matao membamba kila mahali, na huacha nafasi kubwa katikati. Anayekula nafasi ya katikati ni mwenye mikono mirefu. Kosa la tao la saba halikutoka upande wa kanisa. Lilitoka upande wa kisima, na upande wa kisima ulikuwa wa Kondo.

Kesho yake baada ya misa nilikwenda Chemchem bila hata kubadilisha viatu. Nilimkuta mzee anamenya karanga barazani kwake. Nikamwamkia. Akaitikia, "Marahaba, mtoto wa kifupi," na akaniuliza ninafuata kilio cha nani, kwani yeye hajafa bado. Nikamwambia nimepima matao. Akaendelea kumenya. Akasema kila mtu amepima matao, hata mbuzi wamepima. Nikamwambia nimepima ya upande wa kisima.

Mikono yake ikasimama. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi yote ya utani anayoyajua, na anayajua mengi. Hakutukana. Aliuliza tu, kwa sauti ndogo, "Umepima kwa nini? Kwa futi au kwa mikono?"

"Kwa mikono," nikasema. "Yake."

Akaitazama mikono yangu. Halafu akanisimulia, na mimi nakurudishia kama alivyosema, ili uone kama ameongeza chumvi.

Anasema Bruda wa Kijerumani aliyesimamia ujenzi alikupima wewe siku ya kwanza, kutoka kidole hadi kidole, akafurahi, akaandika kwenye karatasi yake kwamba kila tao ni pima moja ya Maganga. Akapigilia vigingi mwanzo na mwisho wa baraza. Kisha homa ikamwangusha, akalala wiki nzima. Wewe ukaanza upande wa kanisa kwa mikono yako. Yeye, Kondo, akaanza upande wa kisima. Ilimpasa akuite usimame katika kila tao umpimie, na hilo, anasema, hakuliweza. Mzaramo, fundi wa pwani, aliyeletwa kwa ajili ya matao, amwite Mnyamwezi mfupi awe kipimo chake mbele ya vibarua? Wangemwimba mpaka Bagamoyo. Akasema pima ni pima, akanyoosha yake.

Mkakutana katikati, na nafasi iliyobaki ilikuwa ya mlango wa kuku. Anasema mlicheka mpaka mkakaa chini. Kisha Bruda akatoka kitandani.

"Akauliza ni nani aliyekosa," Mzee Kondo akaniambia. "Mimi nilikuwa nimekwisha kula viboko mwezi ule ule kwa ajili ya vigae vilivyovunjika, na mgongo ulikuwa haujafunga. Nikafungua kinywa. Baba yako akawahi. Akasema, mimi."

Nilifikiria ile mistari, Baba. Nilikuwa mtoto nikikuletea maji ya kuoga, na kila nilipouliza ulisema siafu walipita hapo wakielekea pwani, msafara mrefu, na mzigo wao ulikuwa mzito. Nilikuamini miaka mingi. Nilikuwa nawaogopa siafu kuliko chui.

Nikamuuliza Mzee Kondo kwa nini ulifanya vile. Akasema naye alikuuliza, jioni ile ile, akikupaka mafuta. "Alinijibu kwamba wake ulikuwa mgongo mpya, na wangu umechakaa. Basi. Hakusema tena mpaka amekufa."

Nilikasirika, nakuambia kweli. Nilimwambia kwamba kwa maisha yote yale amekucheka kwa kosa lake mwenyewe, sokoni, kwenye pombe, kwenye harusi yangu, hata kaburini. Nilisema kwa sauti ambayo mtoto hamsemeshi mzee. Akaacha nimalize.

"Mtani hashukuriwi," akasema. "Ningemwambia asante angenicheka, na nisingeweza tena kukaa naye. Nilimtukana kila siku aliyoishi. Kila nilipomtukana alijua ninasema nini."

Nikachukua karanga nikamsaidia kumenya. Baadaye nikamweleza habari ya Bwana Injinia na ubomoaji, na kwamba nisiposema ukweli jengo litakwenda chini, na nikiusema, jina lake ndilo litakalochafuka, naye ni mzee. Nikamwambia aamue yeye. Aliniuliza tu siku gani, kisha akanifukuza, akisema ninakula karanga zaidi ya ninazomenya.

Siku zile zilizobaki sikujua kama atakuja. Mvua haikukatika. Mashahidi wangu hawakukatika pia, hata mmoja, hata kwa upana wa unywele. Nilianza kuwapenda.

Bwana Injinia alirudi kama alivyosema, na vibarua wanne wenye nyundo kubwa. Nilimwonyesha viraka na tarehe zake. Akavichunguza kwa kioo chake cha kukuzia, akasema ni kazi nzuri, lakini wiki mbili si nyingi, na bado sijamweleza kwa nini tao ni jembamba. Nilifungua mdomo, na hapo Mzee Kondo akatokea kona ya kisima, kanzu imelowa hadi magotini, ameshika kifurushi cha kitambaa.

Hakumsalimu mtu. Alifungua kitambaa akatoa timazi lako. Akalitundika kwa kamba katika tao la nane, tao lake, akaliacha litulie. Kisha akageuka akasema mbele ya Bwana Injinia, mbele ya Sista Mkuu, mbele ya vibarua na wasichana waliokuwa wamejaa madirishani, "Kwa Maganga hakuna kilichopinda. Kilichopinda ni hapa."

Na akanyoosha mikono. Anatetemeka siku hizi, lakini mifupa haisahau urefu wake. Vidole vikagusa nguzo zote mbili. Akaenda tao la tisa, akagusa. Bwana Injinia akamfuata na futi yake akiandika. Walipofika mwisho, Mzee Kondo akasema sasa upande wa kanisa, na watu wakatazamana, maana wewe umelala na hakuna wa kukusimamia.

Nikatoka mimi. Nikasimama katika tao la sita, nikanyoosha mikono yako. Nikagusa. Tao la tano, nikagusa. Sijawahi kufurahia ufupi wangu kama siku ile. Bwana Injinia alipima nyuma yangu moja baada ya jingine, halafu akaketi ukingoni mwa baraza akafanya hesabu ile ile niliyoifanya kwa chaki. Nilimwona alipofika kwenye jibu, kwa sababu aliacha kuandika akacheka peke yake, akatikisa kichwa. Aliinuka akamwambia Sista kwamba jengo halijasogea. Lina watu wawili ndani yake, basi. Ufa ni wa lipu na tofali za juu, pale kazi ya kabla ya vita ilipokutana na ya baadaye. Uzibwe, na watoto waendelee na masomo.

Akaongeza kwamba, ikiwa tunataka, anaweza kutuombea fedha za kulivunja tao la saba peke yake na kulipanua lifanane na mengine. Sista akanitazama. Mzee Kondo akanitazama. Ndipo nikakumbuka kitu alichonisimulia Mama zamani, ambacho sikukitilia maanani: kwamba Waingereza walipokuita kumalizia paa, mapadri nao walitaka lile tao lipanuliwe, na wewe uliyeitwa mkosaji, uliyekuwa na sababu zote za kulifuta, ulisema, "Liacheni."

Kwa nini, Baba? Ona, nimebaki na swali la tatu.

Nikasema, "Liacheni."

Vibarua wakaondoka na nyundo zao. Mzee Kondo alifungua kamba ya timazi, akaliweka mkononi mwangu bila kuniangalia, akasema nilitunze vizuri maana si la kujengea, ni la kukumbushia watu wapumbavu. Aliondoka akipita tao la saba kiubavu, kama alivyopita siku zote, akilaani ufupi wako. Wasichana walicheka. Mimi nilisikia vingine.

Hiyo ilikuwa juzi. Leo asubuhi alikuja bibi mmoja kutoka kijijini na mjukuu wake, mtoto mwembamba ajabu, anaitwa Nyamizi. Sista alisema ni mdogo mno kwa darasa la kwanza. Bibi alisema ametosha. Wakabishana kwa adabu. Sikufikiri mara mbili, nikamshika mtoto mkono, nikamleta hapa nilipokaa sasa. Hakuna tao jingine barazani ambalo lingemfaa, si lako wala la Kondo. Pima ya mtu mzima ingemmeza. Hili la mikono mitatu tu, hili mlilocheka mpaka mkakaa chini, ndilo lenye ukubwa wa mtoto wa kuanza shule.

Sijui kama ndilo jibu la swali la tatu. Huenda ulilipata hivyo hivyo, kwa bahati, ukaamua kulitumia. Au ulilijua siku ile ile mgongo wako bado unawaka. Hutaniambia, na safari hii nimekubali.

Nakuahidi mambo mawili. Timazi lako litakaa ukutani darasani kwangu, wasichana walishike. Na kila mtoto mpya nitamleta hapa nimpime mwenyewe, na akiniuliza tao hili ni la nani, nitamweleza yote, la Maganga na la Kondo, pamoja na siafu waliopita wakielekea pwani. Pumzika, Baba. Usimsumbue Mungu kwa maneno ya utani. Mzee Kondo atakufuata wakati wake, na mtapata nafasi ya kutukanana vya kutosha.

Nilimwambia Nyamizi anyooshe mikono. Alifumba macho, akajivuta, akajivuta tena. Vidole vyake vimegusa, Baba. Pande zote mbili.

Mwanao,
Kalunde